UZI: Upasuaji wa matundu madogo kwa mtu mzima aliyepinda uti wa mgongo: nani unamfaa na nani haumfai

Tibaviungo_Nairobi (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Ninafanya kazi ya tiba ya viungo hapa Nairobi, na wengi wa wanaoletwa kwangu ni akina mama na wazee waliovuka miaka 60 ambao migongo yao imepinda hadi hawawezi tena kusimama wima kwa muda. Siku hizi karibu kila familia huja na swali ambalo wamelipata kwenye simu: je, mgongo wa mzee wetu unaweza kunyooshwa kwa matundu madogo, bila kupasuliwa kuanzia mabegani hadi kiunoni? Baadhi yao wanaweza na wengine hawawezi. Kinachowatenganisha ni vipimo ambavyo mgonjwa ana haki ya kuonyeshwa na kuelezwa kabla hajatia sahihi fomu yoyote, na nimeona watu wengi mno wakitia sahihi bila kuelezwa.

Mgongo wa mtu mzima hupinda kwa njia kuu mbili. Kuna aliyepata skoliosisi, yaani mgongo kupinda kwenda upande, akiwa kijana, ikatulia, kisha baada ya miaka mingi ikaanza kuongezeka na kuuma. Kuna pia aliyefika miaka ya 50 au 60 akiwa na mgongo ulionyooka, ndipo diski za kiunoni, yaani vitakia vilivyo kati ya pingili, zikalika upande mmoja zaidi ya mwingine, viungo vidogo vya nyuma ya pingili vikachakaa, pingili moja ikateleza juu ya mwenzake na kiuno kikapoteza mbonyeo wake wa asili. Mpindo wa kwenda upande hupimwa kwa pembe ya Cobb, yenye jina la daktari wa mifupa wa Marekani aliyeieleza mwaka 1948, na ukizidi digrii 10 ndipo huitwa skoliosisi. Utafiti wa Schwab na wenzake uliochapishwa mwaka 2005, uliowapima wazee wa kujitolea waliozidi miaka 60, uliikuta skoliosisi kwa asilimia 68 yao, nao hawakuwa wagonjwa waliofika hospitalini kutafuta matibabu ya mgongo. Kwa hiyo eksirei iliyopinda, peke yake, haimpeleki mtu kwenye chumba cha upasuaji.

Kinachomtesa mgonjwa mara nyingi zaidi ni mwili kuinama mbele. Fundi wa ujenzi hushusha timazi kujua kama ukuta umesimama, na daktari wa mgongo hufanya vivyo hivyo juu ya eksirei: hushusha mstari kutoka pingili ya mwisho ya shingo na kupima umbali wake kutoka ukingo wa nyuma wa sakramu, yaani mfupa ulio katikati ya nyonga. Kwa mujibu wa uainishaji wa SRS-Schwab wa mwaka 2012, ambao madaktari huutumia kupanga ukali wa mpindo wa mtu mzima, umbali usiofika sentimita 4 ni mzuri, na ukizidi sentimita 9.5 hali ni mbaya sana. Glassman na wenzake walikuwa wameonyesha tangu mwaka 2005 kwamba kadiri mwili unavyozidi kwenda mbele ndivyo maumivu yanavyozidi na uwezo wa kufanya kazi unavyopungua. Mgonjwa wa namna hii hulipia kila hatua kwa misuli: huizungusha nyonga kurudi nyuma, hukunja magoti, mapaja humuwaka moto, na akitembea kutoka Kencom hadi Railways, hapo katikati ya jiji, hulazimika kusimama mara kadhaa akiegemea ukuta. Sokoni utamwona ameshika toroli lisilo na kitu, kwa sababu akiliachilia mwili wote unaanguka mbele.

Kipimo cha pili ndicho ninachowasihi mkiulizie kwa jina: kwa Kiingereza madaktari hukiita PI-LL. Kila mtu ana umbo lake la fupanyonga, na pembe yake haibadiliki tena akishakuwa mtu mzima. Mbonyeo wa kiuno unapaswa kukaribiana na pembe hiyo, tofauti isizidi takriban digrii 10. Mzee anaweza kuvumilia tofauti kubwa kiasi kuliko kijana, na tangu mwaka 2016 kazi za Lafage na wenzake zimewafanya madaktari wengi waache kuwanyoosha wazee kwa vipimo vya mtu wa miaka 30. Tofauti ikifika digrii 20 au 30, ujue mgonjwa anaumia kwa sababu hiyo, hata kama mpindo wake wa upande ni mdogo.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu historia ya upasuaji huu imelipa gharama ya kulipuuza. Paul Harrington wa Houston alichapisha mwaka 1962 njia yake ya kunyoosha skoliosisi kwa fimbo ya chuma, na njia hiyo iliwasaidia vijana wengi sana. Lakini fimbo ilipofika chini kiunoni ilivuta mgongo ukawa bapa, na miaka mingi baadaye baadhi ya vijana wale, wakiwa sasa watu wazima, walirudi wakiwa wameinama mbele na wenye maumivu makali. Ukiwatazama kwa mbele walikuwa wamenyooka kabisa.

Upasuaji wa wazi, ambao bado ndio msingi wa kazi hii, hufungua mgongo kwa kidonda kirefu, hubandua misuli kutoka kwenye mfupa, hufunga skrubu na fimbo kutoka kifuani hadi nyonga, na ikibidi hukata kabari ya mfupa ndani ya pingili ili kurudisha mbonyeo. Kabari moja inaweza kurudisha takriban digrii 30, na humwaga damu nyingi.

Njia ya matundu madogo huunganisha kazi mbili. Ya kwanza hufanywa mgonjwa akiwa amelala ubavu: daktari hupita kwenye tundu dogo la ubavuni, hupenya msuli mnene wa soasi, ulio kando ya uti wa mgongo, huku mashine ikifuatilia neva, huondoa diski iliyokufa na kuweka mahali pake kizimba cha titani au cha plastiki ngumu. Kizimba huinua upande uliozama, mpindo hupungua, na njia za neva hufunguka bila kuguswa moja kwa moja. Njia hii ilielezwa mwaka 2006 na Ozgur, Pimenta wa Brazil na wenzao. Kazi ya pili hufanywa mgongoni: skrubu hupitishwa kwenye matundu madogo ya ngozi kwa kuongozwa na eksirei ya papo hapo, kisha fimbo husukumwa chini ya misuli bila kuibandua. Mara nyingi kazi hizi hufanywa kwa siku mbili tofauti, na kati ya siku hizo mgonjwa husimamishwa na kupigwa eksirei upya ili ionekane ni kiasi gani bado kinahitajika.

Ukomo wake ulionekana mapema: mpindo wa upande ulinyooka vizuri, lakini mbonyeo wa kiuno ulirudi kidogo tu. Ndiyo maana mwaka 2014 Mummaneni na wenzake walichapisha mwongozo unaowagawa wagonjwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lina mpindo mdogo na mwili uliosimama sawa, nalo linahitaji kufunguliwa neva, pengine na kuunganishwa pingili chache. Kundi la pili lina tofauti ya kati kwenye mbonyeo, na mgongo wake bado unalegea ukilazwa. Hapa ndipo matundu madogo hufanya kazi yake bora. Kundi la tatu lina tofauti inayozidi digrii 30 au mgongo uliokakamaa, nalo lilielekezwa kwenye upasuaji wa wazi. Mwongozo huo ulirekebishwa mwaka 2019, baada ya wapasuaji wenye uzoefu mkubwa kuanza kukata kano ya mbele ya pingili kutoka ubavuni na kuweka kizimba chenye pembe kali. Kazi hiyo hufanyika karibu kabisa na mishipa mikubwa ya damu, na nisingependa mzazi wangu afanyiwe na mtu ambaye bado anajifunza.

Msafiri_Kitengela

Asante kwa maelezo, mtaalamu. Hata hivyo, baba yangu alipelekwa India, akafanyiwa kwa tundu dogo mgongoni na akaruhusiwa kutoka hospitalini baada ya siku chache, na leo anaendesha gari. Sielewi kwa nini unaeleza jambo hili kana kwamba ni zito kiasi hicho.

Tibaviungo_Nairobi

Ndugu Msafiri, nafurahi kwamba mzee amepona. Kwa jinsi unavyoeleza, inaelekea alikuwa na diski iliyochomoza na kubana neva moja, ikaondolewa sehemu iliyochomoza. Huo ni upasuaji wa mahali pamoja ambao haubadilishi umbo la mgongo. Mgonjwa ninayemzungumzia hapa anaweza kuunganishwa pingili tano, nane, au zaidi, naye ana miezi mingi ya kupona mbele yake hata kama vidonda vyake ni vidogo. Mkanganyiko huu ndio ambao mawakala wa safari za matibabu huutumia: humwonyesha mama mwenye mgongo uliopinda video ya mtu aliyetolewa diski, na familia inaanza kupanga harambee kwa matumaini yasiyomhusu mgonjwa wao.

Shangazi_wa_Ruiru

Daktari, dada yangu ana kibiongo tangu alipougua kifua kikuu cha mgongo akiwa msichana. Sasa ana miaka 52 na miguu imeanza kuwa mizito. Je, yeye anaweza kusaidiwa kwa njia hii?

Tibaviungo_Nairobi

Shangazi, mimi si daktari bali ni mtaalamu wa tiba ya viungo, lakini swali lako linanigusa kwa sababu ugonjwa huo bado tunao hapa kwetu. Percivall Pott wa London aliueleza mwaka 1779, na hadi leo hula sehemu ya mbele ya pingili mpaka zikakunjana na kushikana kwa pembe kali. Mgongo wa namna hiyo umekakamaa kama mfupa mmoja na ugwe wa mgongo, yaani kamba kuu ya neva, umevutwa juu ya kona. Kizimba cha ubavuni hakina diski ya kuingia, wala fimbo ya kusukumwa chini ya ngozi haiwezi kuunyoosha. Akihitaji kunyooshwa, ni kwa kukata mfupa, katika hospitali yenye timu iliyoizoea kazi hiyo.

Miguu kuwa mizito ndiyo habari kubwa zaidi katika ujumbe wako. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke wiki hii hospitali ya rufaa, afanyiwe MRI, na achunguzwe kama kifua kikuu kimerudi, kwa maana dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma. Akianza kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au akifa ganzi sehemu za kukalia, mpeleke usiku huo huo.

Karani_UpperHill

Nina pingamizi kidogo. Kidonda kidogo kinamaanisha damu kidogo, maambukizi machache na siku chache hospitalini. Kama faida zote ziko upande mmoja, kwa nini kila mgonjwa asianze na matundu madogo, kisha yakishindwa ndipo afunguliwe?

Tibaviungo_Nairobi

Faida ulizotaja ni za kweli, nami nimeziona kitandani: aliyefanyiwa kwa matundu madogo mara nyingi hukaa na kusimama mapema zaidi, na misuli yake ya mgongo huitikia mazoezi vizuri. Upasuaji wa wazi wa mpindo wa mtu mzima ni mzito mno. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2016 na kikundi cha madaktari wa vituo vingi vya Marekani zilionyesha kwamba karibu watu 70 kati ya 100 walipata angalau tatizo moja katika miaka miwili, dogo au kubwa. Mtu yeyote anayejali wagonjwa hawa lazima atake njia iliyo nyepesi zaidi.

Lakini pima upande wa pili. Mgonjwa akiunganishwa pingili nyingi akiwa bado ameinama mbele, sasa ameinama kwa chuma. Kumrekebisha kunahitaji kuvunja kile kilichokwisha kuungana, akiwa amezeeka zaidi, na fedha za familia zimekwisha. Aidha, kuna matatizo ambayo udogo wa kidonda hauyaondoi. Pingili iliyo juu ya skrubu ya mwisho inaweza kukunjika mbele, fimbo inaweza kukatika mahali ambapo mfupa haukuungana, na kwa matundu madogo daktari hapati nafasi pana ya kukwangua mfupa wa nyuma na kupandikiza mwingine, kwa hiyo muungano unategemea zaidi vile vizimba. Njia ya ubavuni nayo ina adhabu yake: ganzi ya paja na udhaifu wa kuinua mguu, ambao kwa wengi huisha baada ya wiki au miezi, ila kwa wachache hubaki. Diski ya mwisho kabisa haifikiki kutoka ubavuni kwa sababu mfupa wa nyonga umeikinga, na hiyo ni mojawapo ya sehemu zinazobeba mbonyeo mkubwa wa kiuno.

Kwa hiyo, ndugu Karani, kuanza na njia isiyotosha si tahadhari. Mgonjwa wa kundi la pili apewe matundu madogo kwa moyo mweupe. Wa kundi la tatu aambiwe ukweli, na kama mwili wake hauwezi kuhimili upasuaji wa wazi, pengine afunguliwe neva tu ili miguu itulie, hata kama mgongo utabaki ulivyo. Hilo ni tiba ya heshima na ninalipendelea kuliko nusu ya kazi.

Mjukuu_wa_Kiambu

Nyanya yangu ana miaka 74. Daktari amesema kwanza mifupa ipimwe na upasuaji ungojee. Ndugu wa mama wanaona ni kucheleweshwa tu. Je, ni jambo la kawaida?

Tibaviungo_Nairobi

Daktari huyo mshikilieni. Skrubu hushika mfupa, na mfupa usipokuwa na uzito skrubu hulegea hata iwekwe kwa ustadi gani. Kipimo cha DXA, yaani eksirei ya kupima uzito wa mifupa, hutoa alama, na alama ya -2.5 au chini yake inamaanisha mifupa imedhoofika sana. Mara nyingi hutangulizwa dawa kwa miezi kadhaa, pamoja na vitamini D, kabla ya kupanga tarehe. Kisukari kirekebishwe na upungufu wa damu utibiwe.

Jambo moja ambalo familia husahau kulitaja: hospitalini mzee huulizwa kama anavuta sigara, naye hujibu kwa ukweli kwamba havuti, lakini ana kikopo cha ugoro mfukoni. Nikotini huzuia mifupa kuungana, iwe imepita mapafuni au puani. Mwambieni daktari, na nyanya aache wiki kadhaa kabla ya upasuaji, na asiurudie mgongo ukiwa bado unaungana.

Halafu hakikisheni ana eksirei ndefu iliyopigwa amesimama, inayoonyesha kuanzia shingoni hadi vichwa vya mifupa ya mapaja, kwa mbele na kwa ubavu. Wengi huja kwangu na bahasha nene ya MRI peke yake. MRI hupigwa mtu amelala, na mgongo ukilazwa huficha kiasi ulichoinama. Hakuna anayeweza kumweka mgonjwa katika kundi lolote bila picha ya kusimama.

Karani_UpperHill

Nimekubali hoja. Na upande wa malipo na uchaguzi wa daktari?

Tibaviungo_Nairobi

Kwa ufupi, kwa sababu bei hutofautiana sana. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, kwa hiyo msitegemee majibu ya zamani. Ombeni hospitali iwaandikie makadirio yanayotaja vizimba na skrubu kwa idadi, kisha mpate jibu la maandishi kutoka kwa bima kabla ya kulazwa, maana vifaa ndivyo hupandisha gharama. Leseni ya daktari inaweza kuthibitishwa kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosimamia madaktari wa Kenya. Mwulizeni bila aibu ni wagonjwa wangapi wenye mpindo, si wenye diski, aliowafanyia kwa njia hii, na ni nani atakayemrekebisha mgonjwa mambo yakienda kombo. Hapa kwetu wagonjwa wa mgongo hutibiwa na wapasuaji wa mifupa na pia wapasuaji wa neva, na cheo hakitoshi kukueleza ni nani amezoea kazi hii. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa.

UmmuSalim_Eastleigh

Assalamu alaikum. Mama yangu ameambiwa ataunganishwa kutoka kifuani hadi kwenye nyonga, baadhi kwa matundu madogo. Swali lake kubwa ni moja: ataweza kusujudu? Na nyumbani kwetu Garissa choo ni cha shimo.

Tibaviungo_Nairobi

Waalaikumu salaam, dada. Mama ameuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa na kila mgonjwa. Vidonda vikiwa vidogo au vikubwa, pingili zilizounganishwa hazikunjiki tena. Muungano ukiishia juu kidogo kiunoni, mtu hubaki na diski chache za chini za kuinamia. Ukifika hadi nyonga, kuinama kote hutoka kwenye viungo vya nyonga na magoti. Kusujudu hadi sakafuni huwa kugumu sana, na katika miezi ya kwanza anakatazwa kabisa. Atahitaji kiti cha kuswalia, na ni vizuri azungumze na imamu wake mapema ili moyo utulie. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo vilevile. Fundi anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, imara, chenye vishikio pande zote mbili, nacho kiwe tayari kabla hajatoka hospitalini. Kufua kwenye karai sakafuni kuishe. Karai liwekwe juu ya meza.

Kabla ya hapo, mwombeni daktari aeleze kwa nini muungano ufike nyonga na kama unaweza kuishia juu zaidi kwa usalama. Wakati mwingine jibu ni hapana, kwa sababu sehemu ya chini imelika na ikiachwa itaanguka. Wakati mwingine ni ndiyo. Nendeni na mama mwenyewe, aulize kwa kinywa chake, na mkirudi na picha ya kusimama niandikieni hapa, nitawaonyesha mazoezi ya nyonga na mapaja ambayo anaweza kuyaanza wiki hii akiwa bado nyumbani.